Shaba ya Kilembe, Kiwanda cha Jinja na Usalama wa Malisho

Bwawa la Owen Falls lilipozinduliwa mwaka 1954, Jinja ilipata umeme wa kuendeshea viwanda vizito. Tangu 1956, madini yaliyochimbwa Kilembe, magharibi mwa Uganda, yalisafirishwa kwa reli kutoka Kasese hadi kiwanda cha kuyeyushia shaba cha Jinja. Huko Kasese yalibaki marundo ya piraiti yenye kobalti. Mvua iliyakokota hadi ndani ya Hifadhi ya Taifa ya Malkia Elizabeth na kuacha vipara vya ardhi isiyoota majani.

Historia hii kwa kawaida husimuliwa kwa tani na fedha, ilhali inawahusu pia wafugaji, kwa kuwa sumu ya shaba hujificha. Kondoo huilimbikiza katika ini kwa miezi akionekana mzima. Kisha ghafla ufizi huwa wa manjano, mkojo hugeuka mwekundu uliokoza, naye hufa. Ng'ombe huistahimili zaidi, na farasi kuliko wote wawili. Kwa hiyo, farasi mwenye afya si ushahidi kwamba malisho ni salama kwa kondoo. Sera ya ardhi zilizowahi kuwa za migodi na viwanda haina budi kudai udongo, majani na maji vipimwe kabla mifugo haijaruhusiwa kulishwa humo.