Trowell Alipoondoka, Todd Alipoingia

Mwaka 1958 shule ya sanaa ya chuo cha Makerere, Kampala, ilibadili mkuu kwa mara ya kwanza. Margaret Trowell, Mwingereza aliyeianzisha, alistaafu, na nafasi yake ikachukuliwa na Cecil Todd, mchoraji aliyewahi kufundisha Afrika Kusini. Wachoraji na wachongaji wa Uganda, Kenya na Tanganyika wameishi na matokeo ya makabidhiano hayo hadi leo.

Trowell hakuletwa Kampala na chuo. Alifika mwaka 1935 pamoja na mumewe Hugh, daktari wa hospitali ya Mulago, baada ya miaka kadhaa nchini Kenya ambako alivutiwa na ufundi wa mikono wa wenyeji. Darasa lake la kwanza lilikuwa barazani kwake. Baadaye likahamia Makerere, na mwaka 1939 kazi za wanafunzi wake zikaonyeshwa London. Hakuwawekea wanafunzi sanamu za Kigiriki wazinakili. Alisimulia kisa, au akaeleza tukio la kijijini, kisha kila mmoja akachora alichokiona akilini mwake. Ufundi wa asili aliupa heshima ileile aliyoupa uchoraji. Mwaka 1953, yeye na mtaalamu wa muziki Klaus Wachsmann walitoa kitabu kinene kuhusu vyungu, vikapu, ngoma na zana za watu wa Uganda. Alitaka msanii arudi kwa watu wake na kuwafaa.

Todd alikikuta chuo kikiwa na uhusiano rasmi na Chuo Kikuu cha London tangu 1949, na akataka shule yake ifikie kiwango hicho. Alileta historia ya sanaa ya dunia, maumbile ya mwili, nadharia ya rangi na nidhamu ya kuchora kwa kutazama. Hakuona sababu ya kumficha Mwafrika sanaa ya Ulaya. Hapo alikuwa na hoja, tena nzito, na wapenzi wa Trowell mara nyingi huipita kimya. Mama yule, kwa mapenzi yake yote, alijipa kazi ya kuamua Uafrika wa mwanafunzi uwe upi. Kwa upande mwingine, kipimo alichokuja nacho Todd kilitengenezwa mbali, na wengi waliokuwa wamekwisha kupata sauti yao hawakuenea ndani yake.

Mtazame Sam Ntiro, mzaliwa wa Machame, Kilimanjaro. Alisoma kwa Trowell, akaenda shule ya sanaa ya Slade, London, akarudi Makerere kufundisha. Picha zake hazijali umbali wala kivuli kama wanavyofundishwa Wazungu: watu wadogo wengi, migomba, kazi ya pamoja, kila kitu kikiwa wazi mbele yako. Mwaka 1960 jumba la Museum of Modern Art la New York lilinunua picha yake ya wanaume wanaompelekea bibi harusi pombe ya ndizi usiku. Baadaye akawa balozi wa Tanganyika Uingereza, lakini hakuacha kuchora vijiji vyake kwa namna ileile.

Kuna swali ambalo naona halikupata jibu kwa mkuu yeyote kati ya hao wawili: msanii akishahitimu, ale nini? Walioanza kulijibu ni wanafunzi, tena nje ya Makerere. Gregory Maloba, Mkenya aliyechonga mnara wa uhuru wa Kampala wa 1962, mama akimwinua mtoto juu, alihamia Nairobi katikati ya miaka ya 1960 kuongoza idara ya usanifu wa vitu katika chuo kikuu. Elimo Njau wa Marangu, aliyechora maisha ya Yesu kwenye kuta za kanisa la Murang'a katika mandhari ya Kikuyu, alishirikiana na wenzake kuanzisha jumba la sanaa la Paa ya Paa jijini Nairobi mwaka 1965. Hapo Mwafrika aliweza kuonyesha, kuuza na kujadili kazi yake bila kusubiri tajiri wa Kizungu ampe ukuta. Kwangu hilo ni tukio kubwa kuliko mtaala wowote.

Idi Amin alitwaa utawala wa Uganda mwaka 1971. Todd akaondoka, na uongozi ukaingia mikononi mwa Waganda katika wakati mgumu kuliko wote, rangi na vifaa vikiadimika na wasanii wakikimbia. Mchoraji Theresa Musoke alifanya kazi miaka mingi Kenya. Mchongaji Francis Nnaggenda alikwenda kinyume: alirudi kutoka ng'ambo mwaka 1978 kufundisha. Sanamu yake ya mhanga wa vita, mwili wa mti uliokatika na bado umesimama, imo katika maktaba ya Makerere.

Shule ilikuwa imepewa jina la Trowell, ila baadaye jina hilo likaongezewa neno "viwanda" kando ya "sanaa". Mwaka 2011 ikaunganishwa na uhandisi na teknolojia katika koleji moja. Wanafunzi wake sasa hubuni vitambaa, hufinyanga, hutengeneza mapambo na matangazo, na wengine hufungua karakana zao wakiwa bado masomoni. Vyungu na vikapu ambavyo Trowell alivichora katika kitabu chake cha 1953 vimerudi darasani vikiwa bidhaa, na anayeviwekea bei ni mfinyanzi na msusi mwenyewe.