Jina la Kyala

Ndugu wanafunzi wa Ikuti, andikeni katika daftari neno moja: KYALA. Kwa Kinyakyusa leo ni jina la Mungu. Je, lilikuwa hivyo tangu kale?

Zamani Wanyakyusa walipotaka mvua, ng'ombe alichinjwa Lubaga, katika msitu wa Lwembe. Nyumbani, mkubwa wa ukoo aliwaomba wazee waliokufa, wakaao chini ya ardhi. Mwenye kinyongo aliitaja hasira yake waziwazi, akatema maji. Bila hayo maombi hayakufaa. (Nadhani hapo wahubiri wangalipata mfano mzuri wa msamaha.) Kyala naye alitajwa, lakini kama shujaa wa kale, pamoja na Lwembe.

Mwaka 1891 wamisionari Wamoravian walijenga Rungwe. Wale wa Berlin wakaja mwaka uo huo. Walihitaji jina la Mungu katika lugha ya wenyeji, wakalichukua hilo la Kyala. Jina likabaki, sifa zikageuka. Sasa Kyala ni Muumba wa vyote, Baba aliye mbinguni, wala si mmoja wa walio chini. Naye akiwa amemtoa Mwanawe afe kwa ajili ya dhambi, hadai tena ng'ombe. Basi ibada ikawa sala, nyimbo na Chakula cha Bwana. Na kilichoombwa si mvua tu, bali msamaha na uzima wa milele.

Bibi Monica Wilson, mtaalamu aliyewachunguza Wanyakyusa miaka ya 1930, aliona vigumu kumtenga Kyala wa kale na Kyala wa wamisionari. Wakati huo sadaka za Lubaga zilikuwa bado zikitolewa.