Kromosomu Mbili Zilizozidi

Kuanzia mwaka 1923 hadi 1956, ungefungua karibu kitabu chochote cha biolojia ungesoma kwamba seli ya binadamu ina kromosomu 48. Walimu walifundisha hivyo, wanafunzi wakajibu hivyo kwenye mitihani na wakapata vema. Jibu sahihi ni 46. Miaka 33 wataalamu wenye hadubini nzuri wanashindwa kuhesabu vitu ambavyo havifiki hata hamsini? Inawezekanaje?

Tuwatendee haki kwanza, maana kazi yenyewe ni ngumu. Seli moja ya mwili wako imebeba DNA ya urefu wa karibu mita 2, na kiini kinachoihifadhi hakina upana wa hata sehemu moja ya mia ya milimita. Inaenea kwa sababu uzi huo umezungushwa kwenye mafungu madogomadogo ya protini ziitwazo histoni, halafu ukakunjwa, ukakunjwa tena. Muda mwingi hapo ndani ni kama tambi zilizoshikana sufuriani, huoni hii inaanzia wapi na ile inaishia wapi. Ni seli inapokaribia kugawanyika tu ndipo kila uzi hujikaza na kuwa kijiti kinachoonekana. Hapo ndo pa kuhesabu, na hata hapo vijiti vinalaliana.

Aliyetoa 48 ni Theophilus Painter wa Chuo Kikuu cha Texas. Enzi zake tishu ilikatwa vipande vyembamba kwa wembe, kwa hiyo kromosomu nyingine zilikatika na nyingine zikajificha chini ya wenzake. Mwaka 1921 aliandika kwamba kwenye seli zilizokuwa wazi zaidi aliona 46, ingawa 48 nayo iliwezekana. Miaka miwili baadaye akakata shauri: 48.

Na tishu hiyo aliipata wapi? Kwenye korodani za wanaume watatu, wagonjwa wa akili, waliohasiwa katika hospitali ya serikali huko Texas. Sababu iliyotajwa ni kwamba walijichua kupita kiasi. Wawili kati yao walikuwa weusi. Kwa hiyo namba iliyosomwa madarasani kwa miaka yote hiyo ilitoka kwenye miili ya watu ambao sidhani kama kuna aliyewauliza lolote. Painter huyuhuyu baadaye akawa mkuu wa chuo, na jina lake limebaki kwenye kesi ya mwaka 1950, pale Mahakama ya Juu ya Marekani ilipoamuru kwamba Heman Sweatt, kijana mweusi aliyekataliwa, apokelewe kwenye kitivo cha sheria cha chuo hicho.

Njia ya kuzitawanya kromosomu ilipatikana kwa bahati. Mwaka 1952, huko Galveston, Texas, T. C. Hsu, mtafiti mzaliwa wa China, aliona kwenye vioo vyake kromosomu zimetengana vizuri ajabu. Kumbe maji ya kusuuzia seli yalichanganywa vibaya, chumvi ikapungua, seli zikanywa maji na kuvimba kama maharage yaliyolowekwa. Sasa alikuwa na picha safi kuliko mtu yeyote kabla yake. Akahesabu. Akaandika 48.

Ikabidi aje mtu wa viazi. Joe Hin Tjio alizaliwa Java mwaka 1919, akasomea kilimo na kufanya kazi ya kuzalisha mbegu za viazi. Vita ilipofika, Wajapani walimtia kambini kwa miaka mitatu. Baadaye alifanya kazi Hispania, na kila alipopata nafasi alikwenda Lund, Sweden, kwenye maabara ya Albert Levan. Huko, tarehe 22 Desemba 1955, alitazama seli za mapafu ya kijusi zilizopitia maji yale yenye chumvi kidogo pamoja na kolchisini, dawa inayosimamisha seli katikati ya kugawanyika. Zilikuwa 46. Akarudia kwenye seli nyingine, na nyingine. Ripoti yake na Levan ilitoka mwaka 1956, na mwaka huohuo Waingereza Ford na Hamerton wakapata namba ileile.

Kinachonisikitisha zaidi kimo ndani ya ripoti hiyohiyo. Inamtaja Eva Hansen-Melander, ambaye miezi kadhaa kabla alikuwa akichunguza seli za ini pamoja na wenzake wawili. Walikuwa wakipata 46 mara kwa mara. Kwa kuwa hawakuziona 48 zote, wakaisimamisha kazi kwa muda. Yaani jibu walikuwa nalo mezani, wakaliona kama kasoro ya vioo vyao.

Na kosa hilo lilikuwa na gharama. Mwaka 1959, Paris, Jérôme Lejeune, Marthe Gautier na Raymond Turpin walitangaza kwamba watoto wenye hali ya Down wana kromosomu 47. (Gautier, aliyeziotesha seli hizo, alikuja kusema kwamba yeye ndiye aliyeiona kwanza ile ya ziada, huo ugomvi unastahili makala yake.) Wangehesabu miaka mitano kabla, wakiwa na vioo vilevile na macho yaleyale, wangedhani watoto hao wamepungukiwa moja.