Green Day: Santuri za Bendi Iliyofungiwa Mlango

Ndugu wanafunzi wenzangu wa zamani, nanyi vijana mliopo shuleni sasa,

Mwaka 1996, nikiwa kidato cha tatu, mwenzetu mmoja wa bwenini alirudi kutoka likizo na kanda ya Green Day, bendi ya Marekani. Tuliisikiliza mpaka utepe ukaanza kukwaruza. Kanda hiyo ninayo hadi leo, ila mwenyewe tulikosana baadaye. Kabla ya kueleza sababu, hebu tuitazame historia ya bendi hiyo.

Billie Joe Armstrong na Mike Dirnt ni marafiki wa tangu utotoni huko California. Walikulia kimuziki katika ukumbi wa vijana uliopo namba 924, mtaa wa Gilman, mjini Berkeley. Walipiga panki, yaani nyimbo fupi za mwendo wa kasi na magitaa ya kunguruma, lakini wao walitia sauti tamu za kuimbika. Santuri yao ndefu ya kwanza, 39/Smooth, ilitolewa mwaka 1990 na kampuni ndogo ya Lookout. Katika ya pili, Kerplunk, aliingia mpiga ngoma Tré Cool.

Mwaka 1993 walitia saini na kampuni kubwa ya Reprise. Gilman walikuwa na sharti: bendi ya kampuni kubwa haipigi pale. Basi wakafungiwa mlango nyumbani kwao, na wenzao wengi wakawaita wasaliti. Februari 1994 ikatoka Dookie, ambayo Marekani peke yake imepita nakala milioni 10.

Hawakuirudia. Insomniac (1995) ilikuwa kali zaidi. Nimrod (1997) ilikuwa na wimbo wa gitaa lisilo la umeme, na fidla nyuma yake. Warning (2000) ikazidi kuwa ya upole, na mauzo yakashuka.

Halafu, kwa maelezo yao, kanda za santuri waliyokaribia kuimaliza mwaka 2003 ziliibwa. Wangeweza kuzirekodi upya nyimbo zile zile. Badala yake walijiuliza kama kweli zilikuwa bora kuliko zote walizoweza kutunga, wakaona sivyo, wakaanza upya. Ndipo Septemba 2004 ikatoka American Idiot, hadithi moja santuri nzima. Wimbo wake "Jesus of Suburbia" una sehemu tano na unapita dakika 9! Mwaka 2010 santuri hiyo ikawa mchezo wa jukwaani Broadway.

Si kila jaribio lilifaulu. Santuri tatu za mwaka 2012 hazikupokelewa kwa shangwe ile. Hata hivyo, Januari 2024 walitoa Saviors, wakiwa tena na Rob Cavallo, mtayarishaji wa Dookie.

Sasa nirudi kwa mwenye kanda. Tulipomaliza chuo kikuu tulikuwa na kibendi chetu. Mwaka 2004 nikapata kazi serikalini, nikakiacha. Aliniita msaliti, nami nikamjibu maneno mabaya. Hatujaonana tena.

Mei 2015 Green Day walirudi Gilman, wakapiga onyesho la hisani katika ukumbi ule ule uliowafungia mlango. Ilichukua zaidi ya miaka 20. Sisi tumeshaifikisha hiyo.

Ndugu yangu, ukisoma haya, nitakuwapo kwenye mkutano wetu wa mwaka huu. Kanda yako nitakuja nayo.

Wenu, mwanafunzi wa zamani.