Mahindi yalipanda meli, mpishi akabaki bandarini

Wiki hii sina habari za mgomo wala za bumu kuchelewa. Nimekuwa najisomea historia ya chakula kwa ajili ya semina, na kila nikifunua ukurasa najikuta safarini: leo Mexico, kesho Milan, keshokutwa Mombasa. Nauli yenyewe ni sahani ya ugali. Nimeona niwagawie kidogo, maana kuna jambo moja humo ndani limenikaa kichwani na halitoki.

Tuanzie Mexico City. Mgeni akifika kule atapelekwa kwenye uwanja mkubwa wa Zócalo, atapiga picha kanisa kuu, halafu pembeni tu ataonyeshwa mabaki ya Templo Mayor, hekalu kuu la Waazteki. Wahispania waliuteka mji wao, Tenochtitlan, tarehe 13 Agosti 1521, wakaubomoa na kujenga wa kwao palepale. Hekalu likalala chini ya nyumba za watu hadi Februari 1978, mafundi wa umeme walipokuwa wanachimba wakagonga jiwe la duara lenye upana wa zaidi ya mita 3, limechongwa sura ya mungu wa kike Coyolxauhqui. Ndipo serikali ikaanza kufukua kwa nguvu. Kileleni mwa hekalu lile palikuwa na nyumba mbili za ibada, moja ya mungu wa vita na nyingine ya Tlaloc, mungu wa mvua. Ukiuliza mvua ya nini, jibu ni mahindi.

Mahindi kwao ni kule. Wakulima wa kusini mwa Mexico walianza kuyatoa kwenye jani la mwitu liitwalo teosinte yapata miaka 9,000 iliyopita. Ukiliona huwezi kuamini: vipunje vichache tu, vigumu kama kokoto. Wakachagua mbegu, wakachagua tena, vizazi na vizazi, hadi likapatikana gunzi.

Ila mimi kilichonishangaza zaidi si shamba, ni jiko. Mama wa Kimexico hachukui mahindi makavu akayapeleka mashineni hivihivi. Anayachemsha kwenye maji ya chokaa, anayaacha usiku kucha, asubuhi anayaosha maganda yatoke, ndipo anayasaga kwenye jiwe. Unapatikana unga mbichi ulioshikana, ambao ukitandazwa mwembamba na kuokwa juu ya kikaango cha udongo ni tortila, na ukifungwa kwenye maganda ya mahindi na kupikwa kwa mvuke ni tamale. Ufundi huo una zaidi ya miaka 3,000. Chokaa jamani! Inalainisha punje, lakini pia inafungua vitamini iitwayo niasini, ambayo ndani ya mahindi imefungwa kiasi kwamba mwili wa mtu unaipata kwa shida sana. Wale akina mama hawakuwa na neno niasini. Walijua tu kwamba mahindi hupikwa hivyo.

Basi bwana, Wahispania wakabeba mbegu kwenda nazo Ulaya. Namna ya kupika hawakuibeba. Mpishi akabaki bandarini.

Sasa twende kaskazini mwa Italia. Wengi tunaijua Milan kwa mpira, na watalii wanaijua kwa Duomo, lile kanisa la mawe lenye minara kama miiba, lililoanza kujengwa mwaka 1386. Chakula cha maeneo yale ni polenta. Wadau, polenta ni ugali! Mtanzania ukiwekewa mezani utauliza tu mboga iko wapi. Leo unauzwa kwenye mahoteli kwa bei ya kutisha, lakini katika karne ya 18 ulikuwa ndio chakula cha mkulima asiye na kitu, asubuhi, mchana na jioni. Ngano aliyoilima yeye mwenyewe ilikwenda kwa mwenye shamba na sokoni. Yeye alibakishiwa mahindi, tena akiyala makavu bila nyama, bila maziwa, bila chochote cha maana pembeni.

Matokeo yake yakaanza kuonekana mwilini. Majira ya kuchipua jua likianza kuwaka, ngozi ya mikono na shingo inakuwa nyekundu, inakauka na kubambuka. Kisha kuhara. Kisha akili inachanganyikiwa, mtu hamjui mwanawe. Kisha kifo. Hispania daktari Gaspar Casal alishauona ugonjwa huo mwaka 1735. Mwaka 1771 daktari wa Milan, Francesco Frapolli, akauandika kwa jina walilotumia wanakijiji wenyewe: pellagra, yaani ngozi iliyokwaruza. Ng'ambo ya maji ukitoka uwanja wa San Marco kule Venice, mahali ambapo kila mtalii lazima apige picha, kuna kisiwa cha San Servolo. Kilikuwa hospitali ya wagonjwa wa akili hadi mwaka 1978, na miongoni mwa waliofungiwa mle walikuwemo wakulima ambao kosa lao ni kula ugali mtupu.

Wasomi walibishana zaidi ya miaka 100. Cesare Lombroso akasema ni sumu ya mahindi yaliyoota ukungu. Wengine wakasema ni damu mbaya ya ukoo. Marekani ya kusini nako maskini wakawa wanakufa kwa maelfu mwanzoni mwa karne ya 20, mpaka Joseph Goldberger akaonyesha mwaka 1915 kwamba shida ni mlo na si vijidudu, na mwaka 1937 niasini ikatambuliwa kuwa ndiyo dawa. Muda wote huo mkulima wa Mexico alikula mahindi kushinda wote hao, na ugonjwa huo kwake ulikuwa nadra. Hakuna profesa aliyekwenda kukaa jikoni kwake akamuuliza.

Na sisi je? Ukiingia Mombasa unakutana na Fort Jesus, ngome ambayo Wareno walianza kuijenga mwaka 1593. Aliyeichora alikuwa Giovanni Battista Cairati, mtu wa Milan, mji uleule! Ukitoka ngomeni ukashuka hadi Mama Ngina jioni, utakuta mahindi ya kuchoma yamepakwa ndimu na pilipili, na mihogo ya kukaanga. Mahindi, muhogo, pilipili: vyote asili yake ni Amerika, na vililetwa pwani hii enzi za hao Wareno. Sisi tukayaita mahindi kana kwamba yametoka Uhindini. Waitalia nao waliyaita nafaka ya Waturuki. Kila mtu anamsingizia jirani.

Kwa hiyo mtu akiniambia ugali wa mahindi ni chakula cha mababu, namuuliza mababu gani. Wa kwao walikula zaidi mtama, uwele na ulezi. Mahindi yametawala sufuria zetu hasa katika karne ya 20, enzi za mkoloni, mashamba makubwa na mashine za kusaga. Na sisi pia tuliyapokea bila chokaa. Kilichotuokoa ni mboga: maharage, karanga, samaki, kisamvu.

Msidhani natia chumvi. Mwaka 1990 wakimbizi wa Msumbiji waliokuwa Malawi walikuwa wanaishi kwa mgao wa mahindi na karanga. Karanga zilipopungua mwaka uliotangulia, pellagra ikalipuka na kuwapata watu zaidi ya 18,000. Si karne ya 18 hiyo, wadau. Baadhi yetu tulikuwa tumeshazaliwa, au kaka na dada zetu.

Juzi nilimuuliza mama ntilie wa nyuma ya bweni kama amewahi kuchemsha mahindi kwa chokaa. Akacheka mpaka akashika kiuno. "Chokaa ya ukutani, mwanangu? Kaa hapo ule." Akanikatia ugali, na upawa wa maharage akaujaza mara mbili.