Jua Lililofanya Kazi Bologna

Msomaji, kama umepata kuanika nguo nyekundu juani siku nyingi, bila shaka umeona jinsi rangi yake inavyopauka. Hukuitia dawa wala hukuipika. Mwanga peke yake umeibadili. Jambo hilo, ambalo watu hulitazama kila siku pasipo kulifikiri, lilimshughulisha mtu mmoja wa Italia kwa miaka mingi.

Mtu huyo alikuwa Giacomo Ciamician. Alizaliwa Trieste mwaka 1857, na mwaka 1889 akawa profesa wa kemia katika Chuo Kikuu cha Bologna. Zama zile, aliyetaka kugeuza kitu kuwa kitu kingine aghalabu aliwasha moto au alitumia asidi kali. Ciamician aliyatazama majani ya miti, yatengenezayo sukari bila ya tanuri, akajiuliza: Je, mwanadamu hawezi kujifunza kazi hii?

Basi yeye na mwenzake, Paul Silber, walitia vitu mbalimbali katika chupa za kioo, wakazipanga juu ya maabara, wakaliachia jua lifanye kazi. Ilikuwa kazi ya subira. Mwaka 1908 walieleza habari za karvoni, kitu kipatikanacho katika mafuta ya kisibiti. Walikuwa wamekianika mwaka mzima, na molekuli zake zikajifunga upya, zikawa kitu kingine.

Septemba 1912, mjini New York, Ciamician aliwahutubia wanakemia wa mataifa mengi. Aliwakumbusha kwamba makaa ya mawe ni nguvu ya jua la kale iliyozikwa ardhini, nayo ina mwisho; lakini jua la leo hutumwagia nguvu yake kila kukicha. Alitazamia siku ambapo nchi kame zingekuwa na viwanda visivyo na moshi.

Alifariki mwaka 1922, na siku hiyo ilikuwa haijafika. Makaa na mafuta yalikuwa rahisi, tena vitu vingi havipokei mwanga tuuonao kwa macho. Ilipasa apatikane mpokezi. Mwaka 2008, David MacMillan na wataalamu wengine wa Marekani walitumia michanganyiko ya madini yaitwayo ruteni, iwezayo kuupokea mwanga huo, kisha ikapitisha elektroni kwa molekuli nyingine. Ubora wa njia hii ni huu: moto hutikisa kila kilichomo chunguni, bali mwanga humwamsha yule tu awezaye kuupokea.

Hata hivyo, viwanda vingi vingali vikitegemea joto la makaa, mafuta na gesi. Swali la Ciamician halijajibiwa lote. Yeye alilitumia jua la Italia, ambalo hudhoofu wakati wa baridi. Wewe, msomaji, jua lako liko utosini mwaka mzima. Usilipite kama watu walivyoipita nguo iliyopauka kambani.