Akiba ya Maboga ya Wahidatsa

Wahidatsa, jamii ya wakulima iliyoishi kando ya mto Missouri katika eneo ambalo leo ni North Dakota, Marekani, hawakungoja maboga yote yakomae na kuwa na ganda gumu, bali waliyachuma mengi yangali machanga, yakiwa na umri wa takriban siku 4, wakabakiza machache kwa ajili ya mbegu. Wanawake, wenye mashamba hayo, waliyakata vipande kwa kisu cha mfupa wa bega la nyati, wakavitunga kwenye vijiti na kuvianika uchanjani. Buffalo Bird Woman, mwanamke wa Kihidatsa ambaye masimulizi yake yalichapishwa na mwanaanthropolojia Gilbert Wilson mwaka 1917, alieleza kinaganaga shimo la akiba, yaani ghala la ardhini lenye mdomo mwembamba na tumbo pana: mahindi yaliyosukwa yalizungushwa ukutani, yaliyopukuchuliwa yakamwagwa ndani, na tungo za maboga makavu zikafukiwa katikati, mbali na unyevu, hivi kwamba nafaka, ambayo nayo ilikuwa chakula cha thamani, ikafanywa ngao ya boga. Mdomo ulipozibwa, majivu yalitawanywa juu ili maadui wasilitambue shimo.